Punje Ishirini za Radi

UVIRA — Saa saba kasorobo mchana, joto likiwa limewafukuza hata mbwa barabarani, Anastase Nizigama anavuta kigoda chake na kukaa mbele ya sanduku jeupe lisilozidi ukubwa wa mkate wa familia. Anawasha redio ndogo ya betri, kisha anaanza kuikimbiza mbali na kila stesheni.

Anaipita ya habari. Anaipita ya mahubiri. Anaipita ya Bujumbura inayopiga muziki mzuri kabisa. Anasimama pale ambapo hakuna mtu anayesema lolote, anafumba macho, anabonyeza kitufe cha sanduku.

Krr-krr-krr-krr.

"Umesikia?" ananong'ona, kama mtu aliye kanisani. "Iko sawa. Leo radi iko na afya."

Mama mmoja aliyejifungua juzi anachungulia dirishani, mtoto mgongoni. "Papa Anastase, banasema nini? Bamefika wapi?"

"Minye siko nasikiliza vita, mama. Niko nasikiliza hewa ya mutoto."

"Na mutoto iko wapi?"

"Leo hayuko. Njo maana nasikiliza leo. Akifika, nisianze kutafuta."

Mama anacheka, anaondoka akitikisa kichwa. Katika kituo hiki cha uzazi chenye vitanda kumi na viwili, ambapo milio ya risasi kutoka milimani imezoeleka kama kikohozi cha jirani, wengi hudhani mzee huyu wa miaka sitini na mmoja amepata redio mbovu na hana moyo wa kuitupa. Ukweli ni wa ajabu kuliko hivyo.

Ndani ya lile sanduku jeupe mna radi. Si mfano wa radi, ni radi yenyewe, ndogo kuliko kichwa cha sindano, inayopiga mara nyingi kila sekunde. Kila ikipiga, inaichoma hewa ya kawaida, hii hii tunayovuta bure, na kuifanya hewa nyingine iitwayo oksidi ya nitriki. Hewa hiyo inapita kwenye chokaa maalumu ya kuisafisha, inaingia kwenye mpira mwembamba, na mwisho wa safari yake ni puani mwa mtoto aliyezaliwa akashindwa kupumua.

Kazi ya Anastase ni kuhakikisha radi hiyo haichoki, na chokaa ile nyeupe haigeuki rangi kabla hajaibadilisha. Kwa kazi hiyo, na ya kuutunza mtambo wa umeme wa jua, na ya kufungua mabomba yanayoziba, hulipwa dola tisini kwa mwezi. Jumamosi hutengeneza simu.

Alizaliwa Sange, kwa mkulima wa mihogo. Darasa la nne lilimshinda, au yeye alilishinda. Inategemea nani anasimulia. Ufundi aliujua kwa kuivunja redio ya baba yake mdogo, na fimbo alizochapwa, anasema, zilimwonyesha wapi pa kuunganisha nyaya. Sokoni Sange bado wanaizungumzia redio iliyokanyagwa na lori la mchele ambayo Anastase aliirudishia sauti. Mwenyewe anasahihisha kwamba malori yalikuwa mawili, na la pili lilirudi nyuma.

Vita vya mwaka 1996 vilimleta Uvira na mfuko mmoja wa vipuri. Akaja kutengeneza mtambo wa kituo hiki kwa siku moja, akabaki mpaka leo.

Sanduku lilifika miaka miwili iliyopita, mikononi mwa Daktari Eugène, kijana wa Uvira aliyesomea mbali akakumbuka kwao. Lilivuka ziwa kwenye boti la ndagala, dagaa wa huku, likaja na harufu yao, na kwa mwezi mzima, anasema Anastase, kila mtoto aliyewekewa mpira puani alilamba midomo.

Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto wachanga, Bernardine Arakaza, ana namna yake ya kueleza ugonjwa wenyewe. "Mutoto akiwa mu tumbo, mapafu yake yamelala. Damu haina kazi huko, mishipa imefunga milango. Anazaliwa, analia, milango inafunguka yote mara moja. Fikiria! Kilio kimoja! Lakini kuna mutoto ambaye milango inakataa. Unampa oksijeni, unampa, inajaa mu mapafu, na damu haiji kuichukua. Anakuwa bluu mbele yako, na oksijeni iko hapo hapo."

Oksidi ya nitriki inaifungua milango hiyo. Hospitali kubwa za dunia huinunua ikiwa kwenye mitungi ambayo bei yake haitamkiki mbele ya watu wa Uvira, na ambayo hakuna lori lingeifikisha kwa barabara hizi. Ndiyo maana ya sanduku. Hewa ipo, kinachotakiwa ni cheche.

Kipimo chake ndicho kilichomnyima Anastase usingizi mwanzoni. Daktari Eugène alimwambia mtoto hupewa sehemu ishirini katika milioni. Anastase haamini hesabu ambayo hajaishika. Akanunua robo kilo ya mchele wa Luberizi, akaimwaga mezani, akahesabu jioni nne mfululizo, mkewe akimtazama kama mgonjwa. Zikatoka punje elfu kumi na ushei. Akapiga hesabu: milioni moja ni mfuko wa kilo ishirini na tano.

"Punje ishirini mu mfuko muzima," anasema, akikunjua viganja. "Njo inarudisha muntu. Nilikaa chini, bwana. Nilikaa chini kabisa."

Watoto kumi na mmoja wamepita kwenye mpira huo. Wanane walikwenda nyumbani. Watatu hawakwenda, na Anastase anakumbuka kila mmoja alikuwa amevalishwa kofia ya rangi gani.

Lakini yupo mmoja kati ya wanane ambaye nusura aondoke kwa sababu ya mdomo wa Anastase mwenyewe.

Ilikuwa Februari mwaka huu wa 2025, wiki ambayo Uvira ilijaa askari waliorudi nyuma na watu waliokimbia, na barabara ya uwanda wa Ruzizi ikawa haieleweki nani anapita na nani anapitishwa. Kutoka Luberizi, pikipiki moja ilileta watu watatu mbali na dereva. Wa kwanza alikuwa Amandine, mwenye mimba ya mwisho wa mwezi wa tisa. Wa pili alikuwa mama mkwe wake, Apollinarie, mkulima wa mpunga mwenye miaka sitini na mitatu, aliyemshikilia kwa mkono mmoja na kushikilia mfuko wa mchele kwa mkono wa pili. Wa tatu alikuwa bado hajazaliwa.

Baba wa mtoto, Cyprien, alibaki nyuma na ng'ombe.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji saa tatu asubuhi, wa kiume, amekwisha kuuvuta mapafuni uchafu wa tumboni. Hakulia. Bernardine alimsafisha, akampa oksijeni. Kipimo cha oksijeni ya damu kilichobana kidole chake cha mguu kilisoma sitini na nane kwa mia, na rangi yake ilikuwa ile ya ziwa kabla ya mvua. Mama yake alikuwa angali katika usingizi wa dawa. Wakawasha sanduku.

Sabini. Sabini na tatu. Sabini na tisa.

Bibi yake, ambaye wodi nzima ilikuwa imeshaanza kumwita Koko kama wanavyoitwa mabibi wa huku, alikuwa amesimama ukutani. Akauliza kwa upole, "Iyo kitu iko nafanya nini?"

Anastase alikuwa na jibu lake la siku zote, lile linalowachekesha wageni.

"Iko radi, Koko! Tumeikamata mu sanduku, tunamulisha mutoto!"

Koko Apollinarie hakucheka. Aliweka mfuko wake chini. Akafumba macho, akainua kichwa, akapiga vigelegele, vyembamba na virefu.

Wanawake wa chumba cha pili waliposikia wakadhani ni furaha ya mjukuu, wakavipokea. Kituo kizima kikarindima. Bernardine mwenyewe akatabasamu.

Anastase peke yake alielewa. Yeye ni mtu wa uwanda. Anajua kwamba huko kwao mtu akichukuliwa na radi haliliwi. Wanawake humpigia vigelegele, wasithubutu kudondosha chozi, ili ile iliyokuja iondoke imeridhika na isirudi kwa waliobaki. Koko Apollinarie alikuwa anamzika mjukuu wake.

"Bwana yangu ilimuchukua mu shamba," alisema alipofumbua macho. "Na ng'ombe sita, siku moja. Niliimba, sikulia. Miaka kumi na saba sijalia. Na weye unaiweka mu pua ya mutoto? Toa."

Akanyoosha mkono kwenye mpira.

Bernardine alikuwa mwepesi. Akajiweka katikati, mikono kiunoni. "Koko, sikiliza. Hii hewa ukiikata gafula, milango ile inajifunga kwa nguvu kuliko mbele. Atakufa hapa hapa, mbele yako na mbele yangu."

"Heri afe na hewa ya Mungu."

"Na hii iko hewa ya nani?"

"Muulize huyu aliyeikamata!"

Bernardine akamgeukia Anastase. Wanaomjua wanasema jicho lake linaweza kuchemsha chai. "Weye njo ulimuogopesha. Weye njo utamutuliza. Minye siondoki hapa."

Anastase kwanza alijaribu uongo. Akasema alikuwa anatania, si radi, ni hewa tu. Koko akamkazia macho. "Sasa, Papa, uliniongopea mbele ao unaniongopea sasa? Chagua moja."

Akajaribu mchele. Akaomba mfuko wa Koko, akahesabu punje ishirini, akazipaka ile dawa ya zambarau ya vidonda, akamwambia azichanganye mwenyewe kisha azitafute. Koko Apollinarie hakukataa. Mtu aliyepepeta mchele maisha yake yote hakatai changamoto ya mchele. Akazamisha mikono mpaka viwikoni. Wodi ikanyamaza kumtazama. Baada ya robo saa alikuwa amepata mbili.

"Ona sasa," alisema Anastase, jasho likimtoka. "Mutoto anapata kidogo hivyo. Ile ya bwana yako ilikuwa mfuko muzima."

Koko alizirudisha zile punje mbili kiganjani mwa Anastase.

"Papa, moto wa kiberiti na moto wa nyumba, ni upi hauunguzi?"

Akausogelea mpira tena. Kipimo kilisoma themanini na moja.

Hapo Anastase aliishiwa. Hakuna lori la pili, hakuna la kuongeza. Anasema alikaa kwenye kigoda chake, na ndipo ukweli ukamtoka bila kupambwa.

"Koko, minye pia niko naiogopa. Tangu ilifika hapa niko naiogopa. Unafikiri nakaa hapa kutwa kwa sababu ya nini? Nailinda. Kila inapopiga, inasikika mu hii redio. Ikitaka kubadilika, nitaisikia kabla ya Docteur, kabla ya mashine yenyewe. Siiachi peke yake na mutoto hata dakika."

Mkono wa Koko ulisimama hewani.

"Unaisikia?"

"Naisikia."

"Nipe."

Akampa redio. Koko Apollinarie akaiweka sikioni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba akaisikia sauti ya kile kilichomchukua mumewe, ndogo, yenye mpangilio, kama panzi ndani ya boksi la kiberiti. Krr-krr-krr-krr. Redio hakuiachia.

Themanini na nne. Themanini na nane.

"Toka hapo," alisema hatimaye. Anastase akadhani ni kwenye mpira. Ilikuwa ni kwenye kigoda. "Nitailinda minye. Weye uko na mudomo mingi, hausikii vizuri."

Alikaa siku tatu. Amandine alipoamka, alimkuta mama mkwe wake ameinama juu ya redio kama kuku juu ya mayai. Koko alilishwa pale pale. Akienda haja, alimkabidhi Amandine redio na kumwambia, "Ikiongeza hata kidogo, piga makelele." Zile siku ambazo mizinga ilisikika upande wa kaskazini, watu wengine walilala chini ya vitanda, yeye aliwafokea wanyamaze, asikie.

Siku ya pili, mchana, Daktari Eugène alimkuta akizungumza peke yake.

"Minye najua jambo moja ya iyo radi," alimwambia daktari. "Mvua ya bure inalowesha mupunga, basi. Lakini mvua ya radi, kesho yake shamba linageuka rangi, linakuwa kijani ya kuumiza macho. Mama yangu alinionyesha nikiwa mutoto. Sijajua sababu."

Daktari Eugène alikaa sakafuni. Yeye ambaye alivuka bahari kwenda kujifunza hayo alimweleza kwamba sababu ndiyo hiyo anayoisikiliza. Radi ya mawinguni huichoma hewa, hutoa hii hii oksidi ya nitriki, inageuka tena na tena mpaka inashuka na mvua, na mpunga unaila. Kila msimu, juu ya uwanda wote wa Ruzizi, tangu kabla mtu wa kwanza hajapanda punje ya kwanza.

Koko Apollinarie aliitazama redio kama mtu aliyeambiwa kwamba adui yake amekuwa akimlimia shamba kisirisiri.

"Basi miaka yote nimekuwa naikula," alisema.

"Sote tumeila, Koko," alijibu daktari.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, Anastase akiwa uani anamenya ndizi, aliitwa kwa sauti iliyowaamsha waliolala.

"Weye Anastase! Njoo! Radi iko nachechemea!"

Alikimbia. Kioo cha sanduku kilikuwa hakijaonyesha kasoro yoyote. Taa ilikuwa ya kijani. Kipimo cha mtoto kilikuwa tisini na tatu. Akaweka sikio. Alisikia mlio ule ule. Akataka kusema Koko amechoka.

"Sikiliza ya nne," Koko alimwambia. "Mbili sawa, tatu sawa, ya nne inakosa mguu."

Akasikiliza tena, akihesabu kwa kidole. Ya nne. Kweli, krr ya nne ilikuwa inachelewa, kiasi cha unywele. Ncha za chuma ambazo cheche inaruka kati yake zilikuwa zimelika. Kwa makadirio yake, baada ya nusu saa radi ingezimika yenyewe, ghafla, ile ghafla aliyoiogopa Bernardine. Bernardine akashika mfuko wa mpira wa kumpulizia mtoto kwa mkono. Anastase akabadilisha ncha kwa sekunde arobaini, vidole vyake, anasema, vikienda mbele yake kama vinajua njia. Mtoto alishuka hadi themanini na sita. Akapanda.

Bernardine, ambaye hajawahi kuonekana amekaa akiwa kazini, alikaa.

"Miaka arobaini nasikiliza redio," anasema Anastase sasa. "Nimesikia transista ikifa mu chumba cha pili. Ile ya nne sikuisikia. Aliisikia muntu ambaye alikuwa anaomba imuchukue yeye, imuache mutoto. Kusikia kwa namna hiyo haifundishwe mu shule."

Siku ya tatu wakaanza kumwachisha mtoto hewa ya sanduku. Punje ishirini zikawa kumi. Kumi zikawa tano. Kisha moja, kwa saa nyingi, kwa sababu kutoka moja kwenda sifuri ndiko kunakoua. Saa kumi jioni Daktari Eugène akabonyeza kitufe.

Redio ikanyamaza. Koko Apollinarie akaitikisa, akaiweka kwenye sikio la pili, akawatazama wote kwa hofu. Mtoto akakunja uso, akavuta hewa ya bure ya Uvira, akaipigia kelele kwa hasira kana kwamba ameuziwa bei mbaya. Tisini na sita.

Hapo ndipo bibi yake alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kilio kilichokaa miaka kumi na saba kikingoja ruhusa, na Bernardine aliwazuia wanawake wa chumba cha pili wasije kumnyamazisha.

Mtoto anaitwa Irankunda. Ana miezi tisa, yuko Luberizi, na kwa habari zinazomfikia Anastase, ameshaota meno sita na kumng'ata padri.

Tangu Februari Anastase hajamwambia bibi yeyote neno radi bila kumpisha kigoda na kumkabidhi redio kwanza. Lakini anachokitaka sasa ni kikubwa zaidi. Sikio lake la kushoto limeanza kuvuma, na hataki kuondoka bila kumwachia mtu kazi. Uongozi wa kituo ulimletea vijana wawili wenye diploma za ufundi. Waliisikiliza redio wiki mbili. Wote wawili walisikia makelele.

Mwezi uliopita aliandika ombi, akalirudia mara tatu kwa sababu ya tahajia, akitaka kituo kimwajiri mwanamke wa miaka sitini na mitatu asiyejua kusoma. Uongozi uliuliza ana cheti gani. Anastase alijibu kwa maandishi: ya nne. Daktari Eugène alilazimika kwenda kueleza. Wiki iliyopita walikubali, kwa majaribio ya miezi mitatu.

Basi amechonga kigoda cha pili. Amenunua redio ya pili. Siku kadhaa zilizopita, mtandao uliporudi, alimpigia Koko simu Luberizi kumpa habari, akaiweka simu kwenye spika ili Bernardine naye asikie.

"Koko, bamekubali! Uje wiki hii."

"Wiki hii siwezi. Mupunga umeinama."

"Mutoto mwingine anaweza kufika kesho, Koko!"

"Akifika kesho, sikiliza weye, na sikiliza vizuri. Hesabu mpaka ya nne." Upande wa pili zilisikika sauti za watu shambani, na kitoto kikilia kwa mapafu mazima. "Nikivuna, nakuja na mufuko. Hao batoto bako banapona, lakini mama zao mnabalisha nini?"

Simu ikakatika. Anastase akaendelea kuisikiliza kidogo, kisha akaenda kusogeza kigoda cha pili karibu na dirisha, mahali penye hewa.